Picha ya Mto na Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Februari 1938
Nimefagia vyumba vyote viwili vya makumbusho. Vumbi la Kitale halina adabu. Nimepangusa vioo vya vipepeo, kisha nikafunua picha ya mto. Nikaitazama kidogo, nikaifunika tena kwa kitambaa chake. Ilichorwa Uingereza kwa rangi za maji, kabla babu yangu hajazaliwa. Bwana, mzungu mwenye makumbusho, amerudia yaleyale: jua hula rangi hizo. Ikipauka, nirudi kwetu Chwele nikalime. Kulima sitaki. Na picha yenyewe naipenda, ila simwambii mtu.

Alhamisi, 10 Februari
Nekesa, mke wangu, kaja na habari. Akina mama wa kanisa la kwao wanakuja Jumamosi kutazama makumbusho. Mama yake yumo. Mkwe wangu! Sisi Wabukusu, mimi na yeye hatukai chumba kimoja, hatutazamani. Bwana kasafiri. Wa kuwafungulia ni mimi tu.

Jumamosi, 12 Februari
Nimesikia nyimbo zao barabarani. Nikafunua picha, nikajifungia stoo. Kosa langu: mlango wa stoo ni mmoja tu, na unatokea chumba cha picha.

"Si hii ni mto ya huko mlima Masaba?" mmoja aliuliza.

"Masaba iko na daraja kama hii wapi, bana?"

Wakacheka, wakaenda kula uani. Mkwe akabaki. Namjua kwa kikohozi. Alasiri jua likaingia dirishani. Chini ya mlango niliona mwanga ukitambaa sakafuni kuelekea ukuta wenye picha. Kutoka siwezi. Nikasema, kama naongea na hewa: "Mtu ako huko, hiyo picha inaliwa na jua!"

Sikusikia kitambaa kikivutwa. Nikamkasirikia. Nikaikasirikia na desturi yenyewe. Jua lilipopita ndipo akatoka. Picha bado wazi. Nimeifunika bila kuitazama. Mwoga mimi.

Jumapili, 13 Februari
Wageni wamelala kwa mwinjilisti. Nekesa ametoka kuwaona.

"Mama anaumwa miguu," ameniambia. "Ati alikusikia. Lakini kitambaa aliogopa kugusa, ni kitu ya mzungu. Akasimama mbele ya picha, akapatia dirisha mgongo, mpaka jua ikapita."

Nimekimbia kuifunua. Rangi zote zipo. Nimekaa chini, nikalia kidogo.

Asante ya mdomo siwezi kumpa. Nimetoa sukari yote iliyokuwa nyumbani, Nekesa akampelekea. Mimi nilisimama nyuma ya nyumba mpaka nikasikia lori lao limeondoka.