Chai ya Mnanaa na Vidonge vya Mama

Jumanne, mtaani Free Area

Bado nina hasira. Asubuhi Mama alianguka jikoni, nikampeleka hospitalini, na daktari akaniuliza kama anameza vidonge vyake vya presha. Nikajibu ndiyo, kila siku. Mama mwenyewe akakiri: kumbe aliviacha!

Aliyemshauri aviache na anywe chai ya mnanaa tu ni muuzaji mmoja wa dawa za kienyeji kule Lanet. Mnanaa mwitu wa mlimani Mama amekuwa akiuchemsha kama chai tangu nikiwa mtoto, kwa kikohozi na kwa tumbo, na sijawahi kumkataza. Lakini kumwambia mgonjwa atupe vidonge?

Nilimwacha Mama hospitalini na dada yangu, nikaenda kumkaripia huyo mtu mbele ya wateja wake. Akatabasamu tu.

"Siste, mathe wako ni mtu mzima. Mimi sikumlazimisha."

Kinachoniuma zaidi ni kwamba alimwamini mgeni, akanificha mimi.

Jioni walipomruhusu arudi nyumbani, nilimpa kidonge. Alikimeza, kisha akafungua mdomo na kuinua ulimi ili nihakikishe. Mama yangu mzazi! Sikuwa nimemwomba afanye hivyo.

Nikamwambia, "Funga mdomo, Mama, nakuamini." Sijui kama ni kweli.