Picha ya Baba Anayoingoja Mama

Timbwani, Likoni
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Wakesho,

Nakusalimu kwa moyo mzito. Mama anaamkaje? Analala? Anakula? Nani anamtafutia kuni sasa? Mimi mwili hauna neno, ila tangu barua yako ifike sijielewi. Ilinikuta siku ya tisa tangu Baba azikwe. Niliisomea kazini, nikaingia chumba cha giza nikafunga mlango, mwenye studio akadhani naosha picha. Nililia humo, Dada, kisha nikatoka nikaendelea na sura za watu.

Ndiyo kazi yangu. Kila asubuhi navuka feri kwenda mjini, nakaa dirishani na penseli iliyochongwa kama sindano, naondoa makunyanzi na makovu kwenye vioo vya picha, vile ambavyo kamera hunasia sura, kabla havijachapishwa. Wengine hutoka vijana kuliko walivyoingia. Naiweza kazi hiyo, lakini siyo niipendayo. Niipendayo unaijua, na ndiyo iliyotuponza.

Jumapili huazima kamera kuukuu ya studio nikaenda Mtongwe kupiga nchi tu: matope maji yakitoka, mikoko, njia ya shambani. Mwaka wa kwanza picha zote zilitoka bapa kama ukuta. Mwenye studio alinicheka, halafu akanifundisha kulisubiri jua lilale upande, vivuli virefuke. Nimepata kungojea wingu moja tangu asubuhi hadi adhuhuri. Bi Mwanasha, mwenye nyumba ninayokaa, huniuliza, "Mwanangu, wapiga nyasi, na watu wapo?" Nilikuwa nikicheka. Sasa sicheki.

Unaniuliza iko wapi ile picha niliyompiga Baba nilipokuja likizo mwaka jana, maana Mama anataka kuitundika kabla ya ibada ya ukumbusho. Dada, picha hiyo haipo. Nilisingizia posta, nikasingizia vita kwamba karatasi hazipatikani. Nilikuwa nawadanganya.

Nilikuja nyumbani na vioo vitatu tu, na viwili vilipasuka ndani ya lori tukipanda milima. Kilichobaki nilimwahidi Baba. Asubuhi ile, yeye akiwa bado anavaa, nilitoka nje nikaona ukungu unapanda kutoka bondeni, jua limeugusa upande mmoja tu, juu ya mashamba. Sikufikiri. Nilipiga. Kugeuka, Baba ameshakaa kitini, koti limefungwa vifungo vyote, Biblia magotini, miguuni viatu alivyoazima kwa mchungaji. Wewe ulikuwepo, ulimnyooshea kola. Nikaona haya kusema. Niliingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi, nikamwambia atulie, asipumue, asipepese macho, nikabonyeza kamera isiyo na kioo.

Ile ya ukungu imetundikwa dirishani mwa studio, na wapita njia husimama kuitazama. Ni nzuri kuliko zote nilizopiga maishani. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu najua ningengoja kidogo nisingeipata.

Na wiki iliyopita nikaongeza ubaya. Nilimwomba mzee mmoja wa Mtongwe akae, nikamvika koti langu, nikampiga. Kisha nikashika penseli. Nilimpunguza pua, nikamtia kovu la Baba juu ya jicho, nikampunguza ndevu. Macho ya Mama si mazuri siku hizi, nilijua ataamini. Bi Mwanasha alipoiona alishika kifua. "Ndiye mzee wako huyu? Masikini! Mwafanana khaswa, wallahi." Yule mzee yuko hai, anapalilia mihogo yake. Kioo kile nimekivunja, na karatasi yake nimeichoma moto.

Basi msomee Mama barua hii yote, usiruke mstari. Akinikasirikia ana haki. Afadhali alie bila picha kuliko kumpangusa vumbi mzee wa watu kila asubuhi akidhani ni mumewe. Nimeomba ruhusa ya wiki moja mwezi ujao. Nitakuja, na lolote atakalonitamkia nitalisikiliza nikiwa nimesimama mbele yake.

Nisalimie shemeji yangu, wapwa zangu wote, na shangazi aliyelala na Mama siku zile za msiba. Mchungaji mwambie nashukuru kwa viatu.

Kuna jambo moja hukulisikia, kwani ulikuwa umeingia ndani kutengeneza chai. Nilipomwambia Baba kwamba tayari, alishusha pumzi, akafuta machozi yaliyomtoka kwa kutopepesa, akanishika mkono. "Ahsante, Stefano," akasema. "Sasa hata nikiondoka, mama yako atakuwa nami ukutani."

Nikamjibu, "Ndiyo, Baba."

Ndugu yako,
Stefano Mwadime