Maman, Naogopa Kikombe cha Asubuhi

Maman wangu uliyelala,

Naogopa. Naanza hapo hapo, maana hukupenda nizungukezunguke. Mkwe wako, mume wangu Papa Furaha, anaumwa ini. Dokta anaita sirozi: ini limejaa makovu, halisafishi tena damu, na uchafu unapanda mpaka kichwani. Siku nyingine tunaongea vizuri, tunacheka. Siku nyingine anataka kuvaa shati miguuni, halafu ananikasirikia mimi.

Tumbo lilipoanza kuvimba, unajua watu wetu hapa Kamembe walisema nini? Amelishwa sumu. Mara moja! Shangazi yake akatoka Giheke na dawa ya kutapisha, tukamnywesha. Alitapika damu, Maman. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja, tukamkimbiza hospitali.

Sasa, juu ya dawa zake nyingine, dokta amempa vidonge vyenye unga wa vijidudu vizuri, ndugu za vile vinavyogandisha maziwa. Anasema vikikaa tumboni vinaweza kupunguza ule uchafu, na huenda kichwa kikatulia. Huenda! Nikamuuliza, "Na ini, dokta?"

"Ini halitarudi, Maman Furaha. Tunapigania akili yake."

Leo asubuhi nilifungua kidonge, nikakoroga unga wake ndani ya mtindi wa dukani, maana maziwa ya nyumbani yasiyochemshwa dokta amekataza kabisa. Nikampa kikombe. Akarudi nyuma kitandani mpaka ukutani.

"Ni weye ulinilishaka sumu," akasema. "Onja kwanza."

Nilikukumbuka, Maman, pale mpakani Rusizi ya Kwanza, ukiuzia chai wabeba mizigo wa Bukavu. Ukifungua termosi, ulikunywa wewe kwanza mbele yao. Mimi nikadhani ni uroho, nikakucheka. Ukanifinya sikio: "Weye mutoto! Muntu anapaswa kuona nameza." Wateja wakacheka, nawe ukacheka pamoja nao.

Basi nikaonja. Alinitazama koo. Nikameza, akaendelea kutazama. Miaka yote ya ndoa yetu nimempikia, hakuwahi hata siku moja kungoja nimeze.

Ndipo akanywa, akamaliza. Nikamwambia Mungu asante. Papa Furaha akanirudishia kikombe kwa upole, akajisogeza karibu na sikio langu, sauti chini kabisa:

"Asante, dada. Sasa bibi yangu, Maman Furaha, iko wapi? Umuniitie. Niko naogopa."

Nimemshika mkono, Maman. Lala salama, na kama huko wanakusikiliza, waombe wasinichukulie akili yake ningali nimekaa pembeni yake.

Ni mimi,
binti yako wa mwisho