Mihogo Yenye Harufu ya Esansi

Kasongo, Jumamosi asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Salaam aleikum. Barua hii ikukute mzima, goti lako likiwa limeacha ugomvi wake wa masika, na kuku wako wakiendelea kukutii kuliko tulivyokutii sisi wanao. Huku hatuumwi, alhamdulillahi. Malaika ameota jino la pili na anamng'ata kila anayembeba. Baba yake bado yuko Nyangwe kwa biashara ya samaki. Mwili wangu ni mzima, Mama. Habari za moyo nitakueleza mbele.

Aliyekuletea barua hii ni jirani yangu Dorothée, anayekwenda Salamabila kwa pikipiki ya Faradji. Nimewaomba walale kwako Wamaza. Mpe maji ya moto aoge, njia ina matope. Na kwa kuwa Nourdine aliyezoea kukusomea barua zangu amekwenda Kindu, nimemwomba Dorothée akusomee hii. Amekubali bila kuniuliza neno.

Unakumbuka siku nilipofungua kazi yangu ya kuchapa nguo. Wamama wa avenyu yetu, mtaa mzima, walikuja mikono kiunoni, wakitaka kujua rangi zangu zitakwenda wapi nikiosha vyombo, maana nyumba yangu iko juu na mashimo yao ya kuloweka mihogo yako chini, kando ya kijito. Nikawaonyesha wino wa maji niliouchagua. Nikawaeleza kwamba huo hauna plastiki, fremu ya kuchapia inaoshwa kwa maji na sabuni, na maji yenyewe nayamwaga kwenye shimo langu la mchanga na makaa, si kijitoni. Walipozidi kununa nikachovya kidole na kukilamba mbele yao. Ulicheka mpaka ukafuta machozi kwa kanga. Lakini wakati wa kuagana ulinishika mkono ukaniambia, Asma, ile maji ya kijito iko sufuria moja, kila mutu anakulia mule.

Tangu siku ile nilipata jina. Watu wa shule, wa kwaya, wa chama cha wakulima, wote walileta nguo zao kwangu, na mimi sikuchoka kuwahubiria juu ya wino safi. Kichwa kilivimba, Mama, sina neno jingine.

Kisha akaja Mugisho, kapiteni wa timu ya wachimba dhahabu wa Salamabila. Alileta jezi nyeusi, akataka maandishi ya njano yanayoonekana kutoka ng'ambo ya uwanja. Wino wa maji kwenye kitambaa cheusi unadai subira: unachapa nyeupe kwanza, unangoja ikauke, unapiga pasi, ndipo unaleta njano juu yake. Mvua ilikuwa inanyesha kila siku na hakuna kilichokauka. Nikaruka ile nyeupe. Njano ikazama kwenye nyeusi kama mafuta kwenye mchanga. Mugisho akaigeuza jezi huku na huku, akaniambia mbele ya wateja wangu kwamba hii haiko njano, iko matope, na kwamba Bukavu wanajua kazi.

Hilo neno la Bukavu lilinichoma. Nilipaswa kumwambia angoje jua. Badala yake nikaagiza kwa mfanyabiashara mmoja kopo la wino wa plastiki. Ni kweli unang'aa, Mama, hata mimi niliupenda. Lakini maji hayauondoi kwenye fremu, unataka esansi, petroli ile ile ya pikipiki. Yule mfanyabiashara alinionya nikwangue mabaki yote nirudishe kwenye kopo, na esansi chafu niifungie kwenye bidoni, dumu lenye kifuniko, nisiimwage popote. Nilimwitikia kama mtu anayeambiwa jambo analolijua tangu tumboni.

Mugisho alichukua jezi zake akafurahi. Mimi nikabaki na beseni lililojaa esansi ya njano, mtoto analia, bidoni sina. Nikatazama mawingu, nikasema mvua ya jioni itasomba kila kitu mpaka mto Lualaba. Nikalimwaga kwenye mfereji unaoshuka kijitoni. Mvua haikuja.

Wamama waliposhuka kutoa mihogo yao, ilikuwa na utando juu na harufu ya esansi ndani. Bugali wa avenyu nzima ulitupwa. Hata mbuzi wa mwalimu alinusa akageuka. Wapo waliokuwa hawana kingine cha kupika, nami niliona moshi ukikosekana kwenye majiko yao.

Na nani anauza esansi kwa chupa avenyu kwetu? Dorothée. Mjane, mgeni, Mkristo peke yake kati yetu, aliyekuja kutoka Salamabila mume wake alipofukiwa na shimo la dhahabu, akaapa hatarudi tena kwenye machimbo. Hawakumwuliza sana. Waliitoa mihogo yake shimoni wakaiweka juu ya majani, wakamwambia atafute maji yake kwingine. Wewe unajua maana ya mwanamke kunyimwa shimo la mihogo. Baada ya hapo hakuna aliyenunua unga wake, wala esansi yake, wala aliyeitikia salamu yake. Mimi hawakunifikiria hata kidogo. Si nililamba wino mbele yao?

Kwenye kikao kwa chefu wa avenyu nilikaa mstari wa mbele. Dorothée alisema mara moja tu kwamba hakumwaga kitu, kisha akanitazama. Mama, yeye ndiye aliyeniuzia ile esansi. Nilimdanganya kuwa ni ya grupu, jenereta ya umeme, na nyumba yangu haina grupu, na yeye ni jirani wa ukuta kwa ukuta, angeisikia ikinguruma. Alijua. Alinitazama akiningoja niseme mwenyewe, nami nikainama kumfunga Malaika kanga ambayo haikuwa imefunguka. Hakunitaja. Chefu akampa siku chache za kuhama, ndiyo maana leo anarudi kule kule Salamabila.

Sasa niruhusu Mama, nigeuke kwa anayekusomea.

Dada Dorothée, usiruke neno. Ni mimi. Nimekuja mlangoni kwako kila siku tangu kikao kile, nikaishia kuomba chumvi. Hata kukupa barua hii ni woga, najua, nimekubebesha aibu yangu uisome kwa sauti yako kwa sababu yangu imegoma. Leo ni siku ya kutoa mihogo, wamama wote watakuwa kijitoni. Mkishapita kona ya soko ninashuka kwao na lile kopo la njano mkononi. Na nikishindwa tena, tayari mimi si mwenye siri peke yangu, wewe unayo kwa mwandiko wangu na mama yangu ameisikia. Faradji nimemwambia asiondoke Wamaza mpaka umwambie mwende wapi. Kiti cha nyuma ni chako, kwenda Salamabila au kurudi Kasongo, unavyotaka wewe. Shimo langu la mihogo ni lako hata usiporudi. Mimi sitaloweka humo tena.

Mama, najua sasa hivi unatafuta mkono wake ili uniombee msamaha. Usifanye hivyo, nakusihi. Mpe chakula, mtandikie kitanda changu cha zamani, umwache anyamaze kama anataka kunyamaza. Msamaha nitauomba mwenyewe, kwa miguu yangu, popote atakapokuwa.

Wasalimie majirani wote wa Wamaza, na uwaambie ukweli wakikuuliza habari za kazi yangu. Mungu akulinde, akupunguzie maumivu ya goti, na akupe sababu ya kunitazama tena usoni.

Ni mimi mwanao, niliyelamba wino mmoja mchana nikamwaga mwingine jioni,

Asma