Baba Hataki Tuta Livunwe

Nyumba ya tatu,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Ijumaa jioni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na yule paka wako mwizi, bado mnaishi naye au umeshamfukuza? Sisi huku miili ni mizima. Watoto wanakula kama mchwa, na mume wangu anakohoa tu kwa sababu ya unga wa kiwandani. Mioyo ndiyo mibovu.

Nikueleze habari za kaka yako. Tangu tumzike mama, saa za watu zimejaa mezani kwake na hatengenezi hata moja. Wateja wakija anawaambia kesho, na kesho yenyewe haifiki. Kutwa yuko bustanini. Wewe unamjua: huyu ni mtu aliyekuwa akikanyaga miche ya mama akienda kusoma gazeti kivulini! Leo anabeba ndoo mbili mbili.

Bustani ni ile ya nyuma ya jengo, ya wapangaji wote, kila nyumba na tuta lake. Letu mama alilipanda mwanzo wa msimu: mchicha, bamia, giligilani, na mnanaa pembeni. Akafariki kabla hajachuma hata jani. Mvua ikaja vizuri, Shangazi, vizuri mno, kila kitu kikashika. Na baba hataki kivunwe.

Nilidhani ni majonzi, yatapita. Mchicha ukarefuka, ukatoa maua. Bamia zikakomaa, zikawa ngumu kama vijiti. Nikimwambia, "Baba, nichume kidogo tupike," ananijibu, "Mwenyewe hajachuma hata moja, mimi nianzie wapi?" Haya, mjibu mtu huyo!

Siku moja nikajitia ujanja. Alfajiri nikashuka, nikachuma kifungu kidogo cha mchicha, nikiamini hatajua. Lo! Alijua. Akadhani ni dereva wa lori, jirani yetu wa tuta la pili, akamvaa mbele za watu. Ikabidi niseme ni mimi. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Tangu siku hiyo anageuza ndoo, anakaa juu yake, analinda.

Sasa wameingia wadudu, wale weusi wadogo wanaoshikana chini ya majani. Walianzia kwenye bamia zetu, wakahamia kwa dereva, na sasa wako kwenye nyanya za mwenyekiti wetu, yule nesi mstaafu. Baba hataki dawa ipigwe. Dereva alinisimamisha kwenye ngazi, akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, mzee namheshimu, lakini na wanangu wanakula pale pale." Ana haki. Wote wana haki, na baba ana haki yake, na mimi katikati nimebaki kama kuku aliyenyeshewa.

Jumapili tukakutana wapangaji wote. Nesi alijaribu kila njia; alimshika baba mkono, akambembeleza kama mgonjwa wake. Mwishowe ikaamuliwa: tuta ling'olewe lote na mimea ichomwe moto, kabla wadudu hawajamaliza bustani nzima. Baba hakubisha. Nilitamani abishe, Shangazi, nilitamani apige kelele! Alivua kofia tu, akasema, "Kama ni lazima, asiguse mtu baki. Ang'oe binti yake." Kisha akapanda ngazi, akajifungia chumbani.

Binti wa mama ni nani mwingine? Ni mimi, na siku yenyewe ni kesho asubuhi. Mume wangu alijitolea kuifanya kazi hiyo, baba akakataa. Nikamwomba nesi mnanaa usalie, kwa kuwa hauna wadudu, naye akakubali. Baba ndiye aliyegoma. "Usinipunguzie kidogo kidogo," akaniambia. "Ng'oa yote."

Barua hii itakapokufikia nitakuwa nimeshang'oa, kwa hiyo sikuombi ushauri. Nakuomba umpigie simu. Wewe dada yake unaweza kumtania, hata kumtukana akacheka. Mimi nikifungua mdomo mbele yake natoa machozi tu. Usimwulize habari za bustani. Mwulize za saa, za gazeti, za lolote. Dirisha la chumba chake linatazama pale pale kwenye tuta, na najua kesho hatalifunga.

Wasalimie binamu zangu wote, na jirani yako mshonaji, mwambie gauni lile bado linanikaa. Wajukuu zako wanakuamkia, mdogo anauliza utakuja lini. Mungu akupe nguvu za goti na akulinde huko uliko.

Wako akupendaye sana,
Binti wa kaka yako.

Nimeifungua tena bahasha. Baba amebisha hodi sasa hivi, ameniletea glavu za mama. Anasema bamia zinawasha.