Alama ya Miguu ya Tima

Chovae,
Alhamisi, 29 Agosti 2024

Kwa mkono wa Husseini, mpaka Salalah

Mpendwa kaka yangu Nassor,

Assalaam alaykum. Kabla ya yote nataka kujua hali yako. Mgongo vipi? Na joto la huko bandarini? Mwenzako Mahir alituambia mnaingia kazini alfajiri na kwamba umepungua mwili. Kula, kaka. Mama akiletewa picha yako huanza na mashavu kabla hajatazama kitu kingine.

Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima. Analalamikia goti lile lile na anakataa kulipumzisha. Shule imefungwa, kwa hiyo nimekuja kutoka Kismayo tangu mwezi wa saba na nitarudi wiki ijayo. Paa lako la upande wa jikoni limekwisha kuezekwa upya. Ami Sheikhan alisimamia mwenyewe, na kwa namna alivyowafokea mafundi, nadhani litadumu.

Sasa nakuja kwenye ujumbe wako wa sauti. Ulisema, "Kama ndara nilizomtumia Tima hazimpendezi, aseme, asizitupe njiani." Tulikuwa tumekaa sote ulipofunguliwa. Mkeo alicheka mpaka akaziba mdomo kwa leso, kisha akainuka akaingia ndani, na hakutoka upesi. Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu yetu husikilizwa na nyumba nzima, na kwa sababu katika bahasha hii kuna kitu kisichopita kwenye simu.

Ndara hakuzitupa, kaka. Moja ilimtoka mguuni naye asijue.

Unakijua kifua kikuu sugu kilichomweka Kismayo mwaka jana. Kimetoka chote, alhamdulillahi. Wamempima na kumpima tena, ni safi. Lakini katika zile antibiotiki kali alizopewa, moja huweza kuumiza mishipa ya fahamu. Nyayo zilianza kumwaka kama mtu aliyekanyaga pilipili. Aliwaambia wauguzi, wakapunguza kipimo, baadaye wakaisimamisha kabisa na kumpa nyingine, ila ilikuwa imekwisha kufanya yake. Moto ukazimika, ukaacha ganzi. Kuanzia vidoleni mpaka kwenye vifundo hasikii baridi, wala joto, wala mwiba. Daktari amesema wazi kwamba huenda hali hiyo isiondoke.

Wewe alikuambia, "Mimi mzima." Kwa upande wa kifua hakusema uongo.

Siku ya ndara tulikuwa tunakwenda arusini. Tima alifika ana ndara moja. Wanawake waliangua kicheko. "Tima, mwenzake yuko wapi?" Akajitazama chini, akasema, "Mimi nimetangulia, yeye yuaja." Arusi nzima ikacheka naye. Ummi, jirani yetu, ndiye aliyeiokota njiani, na nadhani habari ilikufikia kupitia kwake, ikiwa imekwisha kutiwa chumvi.

Hilo la ndara ni dogo. Kubwa ni hili.

Hospitali walimwagiza Tima atafute mtu wa nyumbani wa kumtazama nyayo kila siku, maana jeraha asilolisikia ndilo litakalompotezea mguu. Wewe hupo, mimi niko Kismayo, alibaki Mama. Na malezi yetu unayajua. Mke wa mwana amnyoshee mavyaa wake miguu, tena amwelekezee nyayo? Tima hakuweza hata kulitaja. Akawa anajifungia chumbani na kioo kidogo, anajipinda awezavyo, na anachokosa kukiona anamwachia Mungu.

Jumanne tarehe 6 mwezi huu (nimefungua shajara yangu nisije nikakosea) tuliamshwa na sauti ya Mama ukumbini. "Ni mchu gani aliyetembeza samaki mbichi nyumba nzima?" Sakafuni palikuwa na madoa ya damu, kutoka jikoni mpaka mlangoni. Aliyekimbilia kitambaa alikuwa Tima. Alipangusa ukumbi, akapangusa mlangoni, na kila akigeuka anakuta madoa mapya nyuma yake. "Ni paka huyu," akasema, "leo namfukuza." Mama alisimama akiitazama miguu ya Tima.

"Kaa," akamwambia.

Tima akakaa, akaikunja miguu chini ya leso.

"Lete mguu."

"Haifai, Mama. Nikunyoshee wewe miguu?"

"Ninyoshee mimi. Au nimwite Ummi aje atazame?"

Tima alicheka huku machozi yanamtoka, na bado hakuutoa. Basi Mama, na goti lake, akashuka sakafuni, akauvuta mguu ule akauweka mapajani mwake.

Kilikuwa kipande cha gamba la kombe, kirefu kama ukucha, kimezama kwenye ufa wa kisigino. Nyama pembeni ilikuwa imevimba na kuwa nyeusi. Tima hakuutazama mguu. Alizitazama nyuso zetu, ili ajue ameumia kiasi gani.

Siku ile ile tulipata boti ya kwenda Kismayo. Mama alikwenda naye, yeye ambaye hapendi hata kuvuka kwenda kisiwa cha Ngumi kutoa pole. Daktari alilisafisha jeraha, akasema tungechelewa zaidi angekuwa anazungumza nasi habari ya kukata. Mama akamuuliza kwa ukali, "Na dawa hiyo iliyomuua miguu, bado mwawapa watu?" Daktari hajafungua kinywa, Tima akajibu, "Mama, pasipo dawa ile saa hizi ungekuwa wanisomea Yasini. Nilitaka pumzi, nikapewa pumzi." Sijasikia mtu akiisema shida yake kwa maneno machache na safi kama hayo.

Tangu hapo kila siku baada ya Alasiri, mwanga ukiwa bado mzuri, Mama hukaa barazani na miguu ya mkeo iko mapajani mwake. Huitazama kidole kwa kidole, kisha hupitisha kiganja, maana macho yake nayo si yale ya zamani. Siku za mwanzo Tima alijifunika uso kwa aibu. Ummi alipita, akashindwa kujizuia. "Bi Safiyya! Siku hizi mkwe ndiye anayekandwa miguu?" Mama hakuinua kichwa. "Kwenu miguu yote ni mizima," akamwambia, "ndiyo maana mna nafasi ya kutazama ya wenzenu." Ummi amepunguza kupita njia yetu.

Kaka, nataka umjue mkeo alivyo sasa, kwa sababu yeye mwenyewe hatakueleza. Gizani hatembei, kwani miguu haimwambii ilipo. Mchana hutembea kwa macho. Maji ya kuoga huyapima kwa kiwiko. Seredani ya makaa ameihamisha kutoka njiani na kuiweka kwenye kona, asije akaikanyaga. Akitawadha huitazama miguu taratibu, na aliniambia, "Zamani nilikuwa naiosha tu, wala siijui." Kuna siku huamka mzito, haongei mpaka adhuhuri, na hapo tunamwacha. Sitaki udhani ni mtu anayecheka mchana kutwa. Lakini sijamsikia akimlaumu mtu.

Anachokitamani ni kimoja: kushuka tena mwambani maji yakipwa. Unakumbuka alivyokuwa akiwajua pweza kwa nyayo, anapapasa shimo kwa kidole gumba na kusema, "Huyu yumo." Hilo limekwisha, naye amelikubali. Anasema atawatafuta kwa macho na kijiti, na kwamba kukaa uani akisikia wenzake wakirudi kunamuumiza kuliko kisigino. Daktari hakumkataza, mradi jeraha lipone kabisa, nalo sasa limefunga. Ila sharti avae viatu vya kufunika mguu mzima, vyenye soli ngumu, vya kufungwa kamba ili visimtoke, na visimbane popote. Nilitafuta Kismayo yote. Vyenye soli ngumu vilikuwa vyembamba, na vipana vilikuwa laini kama mkate. Mama naye ameapa kwamba pasipo viatu hivyo Tima havuki mlango wa ua. Unamjua akiapa.

Kwa hiyo ndara zisitumwe tena. Ndani ya bahasha kuna karatasi yenye alama ya miguu yake yote miwili. Zikate alama hizo, nenda nazo dukani, uziweke ndani ya viatu vyenyewe. Namba ya kiatu usiiamini.

Tima anakusalimu na kusema usije ukauza kazi yako kwa ajili ya viatu. Ami Sheikhan anakusalimu, na shangazi Fadhila anauliza kama bado unakoroma. Nasi tunamsalimu Mahir na Mabajuni wote mlio pamoja. Mungu akulinde kila unapokanyaga, akurudishe kwetu kwa miguu yako mwenyewe.

Ni mimi, dada yako asiyechoka kukupenda,
Khairat

Tanbihi. Karatasi ile hakuichora Tima wala mimi. Ni Mama. Alipiga magoti, akaizungusha penseli polepole, na kila alipopita katikati ya vidole aliuliza, "Nakutekenya?" Tima akajibu, "Sisikii, Mama." Mama akazidi kuulegeza mkono. Kwenye kisigino cha kulia utaona mstari umekwenda mbali na mguu. Usidhani amekosea. Pale ndipo palipo na kovu, na hakutaka penseli iliguse. Nunua kwa kufuata mstari wake.