Mwaka Mzima Mkwe Wangu Anamkimbia Mume Wangu

Mpendwa Mshauri, naomba msaada, ila kwanza salamu zikufikie. Sisi hapa kijijini hatujambo, mume wangu Wilibrodi hajambo isipokuwa moyo wake, binti yetu Bertilla hajambo, mwanangu Flavian anayefundisha shule huko Wampembe hajambo, mkewe Tusajigwe tunayekaa naye hajambo, na mtoto wao wa wiki tano ananyonya vizuri. Mgonjwa ni mimi, wa mawazo. Mwandiko utanisamehe, kisomo cha watu wazima nimekianza juzi.

Mwaka huu tumesherehekea mpaka vyungu vimepasuka, na kila sherehe imeniachia aibu. Pasaka iliyopita Flavian alimwoa Tusajigwe, binti wa bwana shamba wa mjini, watu wa Mbeya, msichana mchapakazi, shikamoo zake kwangu hazikosi, basi siku ya arusi mume wangu akasimama awabariki, bibi arusi akajifunika kanga gubigubi akaenda kusimama nyuma ya wapiga ngoma, tukasema ni haya ya ugeni. Saba Saba wakakutana njiani, mkwe wangu ana ndoo ya maji kichwani, akaacha njia akaingia na ndoo yake kwenye zizi la nguruwe la jirani yetu Kasimiri, akakaa humo mpaka mume wangu akapita, na Kasimiri akatangaza pombeni kwamba nguruwe wake wananukia kuliko Wilibrodi. Mwezi wa nane tukahamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kwa kamba, mlango wetu unatazamana na wake, sasa mume wangu akikaa nje kuota jua yule hatoki, mboga hazichumwi. Bertilla alipopata komunyo ya kwanza, Tusajigwe akapika ugali wa ulezi mzuri kabisa, akauacha kizingitini, akapiga makofi akakimbia, kama mtu anayelisha mbwa mkali.

Mume wangu mwanzoni alicheka. Baadaye akaacha tumbaku, akawa anaoga mara mbili kwa baridi ya huku kwetu, halafu akanunua kioo. Wiki iliyopita akaniuliza, "Mama Flavian, niambie kweli, usoni nina nini?" Nikamjibu ana pua ya kwao tu. Hakucheka.

Sasa mtoto atabatizwa Pasaka hii, na babu yake anataka aitwe Wilibrodi. Nilipompelekea Tusajigwe neno hilo alilia, akasema jina hilo haliwezi kutoka kinywani mwake, kumuuliza kwa nini, akainama akamnyonyesha mtoto. Mume wangu amesema mtoto asipopewa jina, yeye haingii kanisani wala hampakati, na mashangazi wanataka nimwandikie Flavian amrudishe mke kwao. Nampenda yule mtoto wa watu. Je, niandike? Zimebaki wiki tatu, nijibu upesi tafadhali, hata mistari miwili.

Mama Flavian, Sumbawanga

JIBU

Mama Flavian, pole, na pole zaidi kwa Tusajigwe, aliyekaa na nguruwe kwa ajili ya heshima nanyi mkadhani ni dharau. Nimeishi Tukuyu, huko huko Mbeya kwa Wanyakyusa, miaka sita, na jina Tusajigwe ni la huko. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mke hamtazami baba mkwe wake, hapiti naye njia moja, wala jina lake halitamki. Mumeo hanuki. Kijiji kizima hakuna anayeheshimiwa kama yeye. Mwambie leo, kabla hajaoga tena.

Lakini wewe nakulaumu. Siku ya arusi ulikula na wazazi wa msichana, hukuuliza. Umekwenda kuuliza mashangazi, ambao Mbeya hawajafika. Na Flavian, mwalimu mzima, anaoa bila kuwaeleza wazazi wake jambo kama hili! Mwambie nimesema.

Usiandike barua ya kumrudisha mtu. Nenda mjini kwa mama yake Tusajigwe, akueleze mwenyewe kwao mwiko huu hulegezwa vipi na wazee wa pande zote mbili. Binti msimlazimishe. Nyumba yake itobolewe mlango wa nyuma, mwenyekiti wa kijiji akinung'unikia mstari wake, anung'unike. Padre amwandike mtoto Wilibrodi, na mama yake atamwita jina lingine alipendalo. Watoto wenye majina mawili wamejaa nchi hii. Siku ya ubatizo Tusajigwe akae upande wa wanawake, mumeo upande wa wanaume. Maji yakishamwagwa, mpokee mtoto wewe, uvuke nafasi ya katikati, umweke mapajani mwa babu yake, na umwache amwite Wilibrodi kwa sauti yoyote atakayo.